Madigadi ya Kushoto

Fundi alitoa sumaku mfukoni, ile ya kung'olewa kwenye spika ya redio, akaitembeza taratibu juu ya gari la babu kama daktari anavyotembeza kipimo kifuani kwa mgonjwa. Kwenye boneti ilinasa. Kwenye mlango wa dereva ilinasa. Ilipofika kwenye madigadi ya kushoto, juu kidogo ya gurudumu, ikateleza na kuanguka vumbini.

“Hapa hakuna bati, binti yangu,” alisema. “Hapa kuna puti.”

Gari lenyewe ni Peugeot 504, Pijo kama mtaa mzima ulivyoliita. Babu alilinunua mwaka 1974 kwa mkopo wa kazini, akalilipa kidogo kidogo kwa mshahara wa mtumishi wa umma. Alipofariki lilibaki chini ya mwembe nyumbani kwa bibi, Temeke, kuku wakitaga kwenye kiti cha nyuma. Mwaka jana lori la mchanga lililokuwa likirudi nyuma liliponda milango yake miwili ya kushoto na kuisukuma madigadi ya mbele. Siku tatu baadaye mnunuzi wa chuma chakavu alifika na mizani yake. Baba zangu wadogo walikubali bei papo hapo. Bibi akakataa.

“Hata likiuzwa, litauzwa limenyooka,” alisema. “Babu yenu hakuwahi kutoka hapa na gari lililobonyea.” Kisha akanigeukia mimi. “Wewe si unasoma mambo ya zamani? Basi hilo hapo.”

Nilikuwa nimemaliza muhula wa kwanza wa shahada ya uzamili ya historia, na nilichokuwa nimejifunza hadi hapo ni kwamba ushahidi hukaa kwenye mafaili. Nilikubali kazi ile kwa sababu bibi hakataliwi. Sikutegemea kwamba gari lingenirudisha kwenye swali ambalo nyumbani kwetu halijawahi kuulizwa.

Katika familia yetu babu ndiye kipimo. Hadithi tuliyokuzwa nayo ni ya peni: siku moja alifika nyumbani akakuta ameondoka na peni ya ofisi, akalala nayo mezani kama mgeni, na kesho yake akairudisha kabla hata hajasaini daftari la mahudhurio. Kila mjukuu aliyewahi kuonekana na chenji isiyo na maelezo alisomewa habari ya peni. Mimi mwenyewe nimesomewa mara mbili.

Ili kuelewa kilichotokea kwenye madigadi, lazima kwanza nieleze kwa nini mtumishi wa kawaida wa Dar es Salaam alitaka Peugeot.

Gari la 504 lilizinduliwa kwenye maonyesho ya magari ya Paris mwaka 1968, umbo lake likiwa limebuniwa na kampuni ya Pininfarina ya Italia, na mwaka uliofuata likachaguliwa kuwa gari bora la mwaka Ulaya. Hayo ni ya Ulaya. Huku kwetu jina la Peugeot lilijengwa na mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 kwa kumtukuza Malkia Elizabeth wa Uingereza aliyekuwa akitawazwa, na yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika katika barabara ambazo masika huzigeuza uji. Mwaka 1963 magari 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho. Lililoshinda lilikuwa Peugeot 404, kaka yake 504. Gari hilohilo lilishinda tena mwaka 1966, 1967 na 1968, na katika ushindi wa 1966 na 1967 waliokuwa ndani yake, Bert Shankland na Chris Rothwell, walitokea Tanzania. Lenyewe 504 lilikuja kushinda mwaka 1975 na 1978. Mtu wa Dar aliyenunua Peugeot mwaka 1974 alikuwa ananunua gari alilolisikia redioni likivuka tope lililowashinda wengine.

Kuna jambo jingine, la kiufundi, ambalo fundi alinionyesha kwa kunilaza chini ya gari juu ya boksi la katoni. 504 halina chesesi ya kujitegemea kama lori au Land Rover. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Sakafu, nguzo za milango, paa na ubavu wa nyuma vimechomelewa kuwa kitu kimoja, kwa hiyo likigongwa ubavuni maumivu husafiri: mlango wa nyuma ukibonyea, wa mbele unaanza kugoma kufunga. Madigadi za mbele ndizo zimesamehewa. Zimefungwa kwa bolti, zinafunguka, zinaondoka. “Mfaransa alijua,” fundi alisema. “Alijua utagonga kitu.”

Gereji yake iko Ilala, chini ya mti, uani kwa mtu. Ana miaka sabini na kidogo. Sikio lake la kulia halisikii tena, na ukisimama upande huo atakujibu swali ambalo hukuuliza. Alianza kama saidia fundi mwaka 1976, kwa fundi aliyekuwa amejifunza kunyoosha bodi kwenye gereji ya Mhindi. Vijana wake wawili hufanya kazi ya kupiga msasa na kupaka rangi. Nyundo haigusi mtu mwingine.

Milango ilimchukua siku nne. Nilidhani bati lililobonyea hurudishwa kwa kupiga katikati ya bonde, pale lilipoingia zaidi. Nilikosea. Kwanza alikaa na kulitazama tu, akipitisha kiganja kilichovishwa soksi ili mkono usikwame na uhisi vizuri. Alikuwa anatafuta lori lilianzia wapi na likamalizia wapi. Halafu akaanza kinyume: sehemu iliyobonyea mwisho ndiyo aliyoinyoosha kwanza, akirudi pole pole hadi mahali lilipogusa mwanzo. Mkono mmoja ulishika kipande kizito cha chuma nyuma ya bati, mwingine nyundo yenye uso laini mbele, na kila pigo lilikuwa dogo kuliko nilivyotarajia. Sauti ilibadilika kadiri bati lilivyotulia.

Pale bati lilipotanuka kwa kugongwa na kubaki likibinuka mbele na nyuma kama kifuniko cha kopo, alilichoma kwa gesi nukta moja tu, saizi ya sarafu, hadi ikawa nyekundu, akaigonga kidogo, kisha akaizima kwa kitambaa chenye maji. Chuma kilichopata moto hutanuka. Kikipozwa ghafla hujivuta na kuvuta jirani zake. Alifanya hivyo nukta kumi na kitu. Mlango ukarudi.

“Ulijuaje lori lilianzia wapi?” nilimuuliza, nikiwa nimesimama upande wa sikio zima.

“Bati linasema. Wewe chuoni si unasoma karatasi? Mimi nasoma hili.”

Kisha ikafika zamu ya madigadi. Akaifungua bolti moja moja, akaiweka kifudifudi juu ya mapipa mawili. Upande wa ndani ulikuwa umepakwa lami nene, kavu, iliyopasuka kama ardhi ya kiangazi. Alianza kuikwangua kwa patasi na mafuta ya taa. Nilikuwa nakunywa chai aliponiita.

Chini ya lami kulikuwa na rangi nyeusi safi, isiyo na kutu hata chembe, na juu ya weusi ule maandishi meupe ya kupulizwa kwenye kibao kilichokatwa herufi: herufi nne, kistari, na tarakimu. Herufi zilikuwa za jina la shirika moja la umma. Sitalitaja. Halikuwa shirika ambalo babu alifanya kazi.

Fundi aliisoma kwa utulivu wa mtu aliyewahi kuona nyingi za aina ile. Weusi ule, alieleza, ni rangi ya kiwandani. Spea mpya hufika hivyo, tayari kupakwa rangi ya gari lolote. Kama madigadi ingekatwa kwenye gari jingine, angeikuta na rangi ya gari hilo chini ya rangi ya babu. Hapakuwa na rangi nyingine. Tarakimu zilikuwa za rafu. “Hii haikutoka kwenye gari,” alisema. “Imetoka stoo.”

Nikaenda Temeke jioni ileile, nikampa bibi shikamoo yake, nikamwonyesha picha kwenye simu. Aliisogeza mbali na macho, akaitazama kwa muda, akairudisha.

“Babu yako aligonga ng'ombe Chalinze mwaka 1981,” alisema. “Miezi minane alikwenda kazini bila madigadi. Tope linarukia kioo, anaendesha kichwa kiko nje kama kobe. Ulitaka afungie ungo?”

“Ilipatikana wapi, bibi?”

“Ililetwa usiku.”

Alinipa na bei, bila kuulizwa: gunia la mchele lililotoka kwa shemeji yake Ifakara, na miche miwili ya sabuni. Kisha akaniambia jambo ambalo baba hajawahi kulisikia. Mwaka wa msako, babu aliifungua ile madigadi kwa mikono yake mwenyewe, akapasha lami kwenye kopo la maziwa, akaipaka ndani. Nayo ilikuwa usiku.

Mwaka wa msako ni 1983. Wasomaji wengi wa gazeti hili hatukuwa tumezaliwa, na tunaujua kwa hadithi za watu waliotupa vitenge na redio mitaroni. Mwezi Machi mwaka huo serikali, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ilianza kuwasaka walioitwa wahujumu uchumi, na Bunge likapitisha sheria maalumu ya kuwashughulikia. Mtu aliyekutwa na mali ya shirika la umma nyumbani hakuwa na maelezo rahisi ya kutoa.

Njia iliyotufikisha huko inaweza kufuatwa kwa spea za gari. Mwaka babu aliponunua 504, bei ya mafuta ilikuwa tayari imepanda kufuatia mgogoro wa 1973, na ukame ulikuwa ukilazimisha nchi kununua chakula nje. Fedha za kigeni zilipitia Benki Kuu, na magari yaligawiwa na shirika la umma, State Motor Corporation. Njia ya pembeni ilikuwa Kenya, ambako maduka ya spea yalikuwa na kila kitu. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Katikati ya miaka hiyo, Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na gharama ya vita ikaja juu ya kupanda kwingine kwa bei ya mafuta. Ilifika mahali magari ya watu binafsi yalipigwa marufuku barabarani Jumapili alasiri ili kuokoa mafuta.

Ng'ombe wa Chalinze alimgonga babu katikati ya hesabu hiyo. Dukani hapakuwa na madigadi. Kwa dola, babu hakuwa nazo. Kenya, mpaka umefungwa. Zilibaki njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kuundiwa na fundi. Fundi wangu alizitengeneza nyingi miaka ile, kwa bati la pipa la mafuta, akilikunja juu ya kisiki cha mwembe kilichochongwa umbo la upinde wa gurudumu. Bati la pipa ni gumu kuliko la gari, anasema, halipendi mikunjo miwili kwa pamoja, na umbo la 504 limejaa mikunjo ya namna hiyo. Mwanahistoria Joshua Grace, katika kitabu chake cha mwaka 2021, African Motors, anawachukulia mafundi wa Tanzania wa aina hii kuwa waundaji wa teknolojia kwa haki yao wenyewe. Nilipokisoma darasani niliona ni hoja nzuri. Nilipoona kile kisiki, ambacho bado kipo na watu wanakikalia, niliona ni maelezo tu ya kilichokuwepo.

Njia ya pili ndiyo iliyokuja usiku.

Kwa nini hakuchagua pipa? Nilimuuliza bibi. Akasema fundi wa pipa alikuwa na foleni ya miezi, na ofisi ilikuwa imeanza kumuuliza babu kwa nini anafika na matope. Alivyosema hivyo nilimwona babu kwa mara ya kwanza kama mtu wa umri wa kati aliyechoka, mwenye shati moja jeupe lililopigwa pasi na barabara isiyo na lami kati yake na heshima yake.

Sitaki kumsamehe kwa urahisi. Madigadi ile ilikuwa imenunuliwa kwa fedha za kigeni ambazo nchi ilizitafuta kwa pamba na kahawa, ikawekwa rafu, ikapewa namba. Kuna gari la shirika, pengine la kupeleka dawa au mbegu, ambalo lilikosa madigadi kwa sababu la babu lilipata. Na aliyeitoa stoo hakutoa moja. Lakini pia siwezi tena kuisimulia habari ya peni kama ilivyosimuliwa kwangu. Nadhani zote mbili ni kweli. Mtu aliyerudisha peni ndiye aliyepokea madigadi, na aliyejua uzito wa peni ndiye aliyepasha lami kwenye kopo la maziwa. Asingejali, asingeificha.

Tunaposoma miaka ile darasani huwa tunachagua upande. Wengine huisoma kama zama za uadilifu zilizoharibiwa baadaye, wengine kama zama za foleni na unafiki. Kwenye mafaili ya msako wamo walanguzi na walioonewa. Hayamo majina ya watu kama babu, ambao hawakukamatwa, hawakutajirika, na waliendelea kwenda kazini. Wao walibaki kwenye vitu.

Juni 1984 bajeti ya serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuhojiwa sana zimetoka wapi, na mlango ule haukufungwa tena. Kilichoingia kupitia humo, hasa kuanzia miaka ya 1990, ni magari yaliyotumika kutoka Japani, na nyuma yake spea zake. Nilikwenda Gerezani na mtaa wa Shaurimoyo kuona kama kuna madigadi ya 504. Kuna milango imepangwa kama vitabu, taa zinaning'inia kama mashada ya ndizi, na magari mazima yamefika tayari kuchinjwa. Ukigonga gari la Kijapani leo hulinyooshi. Unatafuta mlango wa rangi ileile, unafunga, unaondoka. Nikataja Peugeot. Kijana mmoja akacheka kwa upole. “Dada, hilo nenda makumbusho.”

Pale pale, kwenye vioo vya pembeni na taa za magari yaliyoegeshwa, niliona namba za usajili zimechorwa kwa kukwaruza, ili kikiibwa kisiuzike kirahisi. Watu huchora stoo zao juu ya mali zao. Nilipiga picha moja nikaondoka.

Hatimaye ilipatikana Mombasa. Magari ya 504 yaliunganishwa Kenya kwa miaka mingi, na pikapu zake zilidumu barabarani kuliko ndugu zao wa huku. Madigadi ya kushoto ya pikapu ilikuja kwa basi, imefungwa kwa gunia na kamba ya katani. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuigeuza nitazame ndani. Ilikuwa na tope kavu la rangi nyekundu, na hakuna neno.

Sasa ilibidi tuamue. Nilimuuliza fundi kama anaweza kuiokoa ile ya zamani. Aliipima tena kwa sumaku, akanionyesha ng'ombe wa Chalinze hakuwa wa mwisho: chini ya puti kulikuwa na mibonyeo mitatu ya nyakati tofauti, na kwenye ukingo wa chini, ambako lami ya babu haikufika, kutu ilikuwa imekula hadi kidole kinapita. “Naweza kuinyoosha,” alisema. “Lakini utakuwa unapaka rangi hewa.”

Kwa hiyo ile ya Mombasa ikafungwa. Matundu mawili ya bolti hayakukutana na ya gari. Fundi akayapanua kwa tupa ya mviringo, nusu saa kila moja, bila haraka. Kijana wake akapaka puti nyembamba kama siagi ya maskini, akapiga msasa mkavu, akapiga msasa wa maji, ikaja praima, ikaja rangi. Fundi alitembeza sumaku yake kutoka taa ya mbele hadi ya nyuma. Haikuanguka.

Tulipolirudisha gari Temeke bibi alilizunguka mara moja, mkono ukipita kwenye milango, na hakusema lolote kuhusu kuuza. Baba zangu wadogo nao hawajauliza. Sijawaambia kuhusu maandishi. Nimeandika hapa kabla sijawaambia, na najua kwamba hilo nalo ni kosa, ambalo nitalijibu.

Ile ya zamani nimeiegemeza ukutani nyuma ya jiko, upande wenye herufi ukitazama nje. Mnunuzi wa chuma chakavu bado hupita kila wiki na mizani yake. Ameiona, ameinyanyua kwa mkono mmoja, amekisia kilo.

“Hiyo bado,” bibi humwambia. “Mjukuu wangu hajamaliza kuisoma.”